Makaratasi ya Wazee na Maneno ya Wazee

Mwezi huu nataka kueleza habari za jambo ambalo wengi wetu twaliona dogo, nalo ni makaratasi ambayo wazee wetu huyaacha wafapo, na maneno ambayo hufa nayo kwa kuwa hakuna aliyeyaandika. Nitasema habari za Bukoba na Muleba, maana ndiko niliko. Msomaji wa kwingineko atajipimia mwenyewe kama mambo ya kwao si yayo hayo.

Kwanza nitoe habari ya nyumbani kwetu Kishanda. Babu yangu alikuwa karani wa kupima kahawa ujanani mwake, na baadaye mzee wa kanisa. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kahawa, vyeti vya ubatizo, barua za ndugu waliokwenda Uganda kutafuta kazi, na daftari moja jeusi ambamo aliandika mambo ya kila mwaka: mvua iliyochelewa, nani amefariki, nani ameoa, na mipaka ya vibanja. Sisi watoto tulikatazwa kuligusa. Alipofariki, matanga yakiisha, nyumba ikasafishwa. Nguo zikagawiwa, jembe na mkuki vikapata wenyewe. Lakini makaratasi, kwa kuwa hakuna aliyeyataka, yakapelekwa jikoni. Mengine yakawashia moto, mengine yakafungia njugumawe. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati ule. Nikaona kwa macho yangu, nisiseme neno.

Baada ya miaka 6 ukatokea ugomvi wa mpaka kati yetu na jirani. Mpaka wenyewe ulikuwa wa miramura, ile mimea ambayo Wahaya huipanda iwe alama baina ya kibanja na kibanja. Lakini mingine ilikuwa imekwisha kung'olewa, na mingine imechipua mahali pasipo pake. Barazani tukaulizwa, "Mpaka huu uliwekwa lini, na mashahidi wa siku ile ni nani?" Babu alikuwa ameyaandika yote mawili katika daftari lile jeusi. Sote tulikumbuka kwamba aliandika. Hakuna aliyekumbuka aliandika nini. Basi tukashindwa. Ndipo nilipoielewa ile mithali isemayo, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza: Je, habari za watu wetu zimehifadhiwa wapi, na nani alizihifadhi, na kwa njia gani? Haya nitakayoeleza ndiyo niliyoyapata.

Mtu asidhani kwamba wazee wa kale, kwa kuwa hawakuwa na kalamu, hawakuwa na hazina ya habari. Nchi yetu ilikuwa na falme nyingi, kama Kiziba, Kyamtwara, Kianja, na huku kwetu Ihangiro, na kila ufalme ulikuwa na njia zake za kukumbuka. Waimbaji wa enanga walisimulia matendo ya mashujaa na ya wafalme usiku kucha, wakipiga nyuzi. Kila ukoo ulijua mwiko wake na asili yake. Makaburi ya wafalme yalikuwa na watunzaji, na watunzaji hao walijua majina kwa mfuatano. Hivyo habari ilifungamana na kitu: wimbo, au kaburi, au mti. Kitu kikidumu, habari ilidumu. Kitu kikiondoka, habari ilianza kuyumba. Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa Buhaya, aliwasikiliza waimbaji wa enanga na kuyaandika maneno yao, na mwaka 1986 akayafanya kuwa kazi yake ya shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Laiti asingalifanya hivyo, tenzi nyingine tungalizisikia kwa jina tu.

Maandishi yaliingia kwetu kwa haraka. Mwaka 1890 Emin Pasha alijenga boma la Wajerumani pale Bukoba. Mwaka 1892 mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi. Mwaka 1910 wakaja wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, nao wakakuta Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma Buganda na kurudi kwao na vitabu. Basi kwa muda wa miaka 20 tu kalamu ilikuwa imeingia katika baraza, katika kanisa na katika nyumba za watu.

Wale mapadre walikuwa na desturi moja iliyo na faida kubwa kwetu leo. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kila misheni iandike kitabu cha habari za kila siku. Waliandika mambo makubwa na madogo: mgonjwa aliyekuja, nzige, ugomvi wa watemi, bei ya ndizi. Aliyeandika hakujua kwamba baada ya miaka 100 mtu atataka kujua siku gani mvua ilinyesha. Lakini ndivyo ilivyo kazi ya kuhifadhi; mtunzaji hajui ni neno lipi litakalotakiwa.

Wageni waliandika, na baadhi yao waliandika vizuri. Mwaka 1910 Mjerumani Hermann Rehse alitoa kitabu kizima juu ya Kiziba, nchi na watu wake. Baadaye Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeitumikia serikali ya Waingereza, alikaa na wazee, akakusanya desturi na historia zao. Mwaka 1945 yeye na mwenziwe Hartnoll walitoa kitabu cha sheria za kimila za Wahaya, na baadaye akaandika kwa Kiswahili historia ya wilaya ya Bukoba. Alifariki mwaka 1962, na makaratasi yake yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lakini mimi husifu zaidi kazi ya mwenyeji. Francis Xavier Lwamgira, mtu wa Kiziba aliyekuwa na cheo kikubwa katika utawala wa wenyeji wa Bukoba, alikusanya habari za Kiziba na wafalme wake kwa lugha ya Kihaya. Kitabu chake, Amakuru ga Kiziba, kilipigwa chapa Kashozi mwaka 1949. Mwaka 1969 kikafasiriwa kwa Kiingereza huko Makerere. Hakuwa mgeni wa kuuliza kwa mkalimani. Aliuliza kwa lugha ya mama yake, akajua neno lipi ni la heshima na lipi ni la mzaha. Walakini yatupasa tukumbuke kwamba alikuwa mtu wa baraza na wa watawala. Aliyeketi karibu na kiti cha mfalme huona mengi, lakini haoni vema yaliyo jikoni kwa mtwarwa.

Na hapa nieleze jambo lenyewe. Wazee wanajua habari za nyarubanja, yale mashamba ambayo wafalme waliwapa watu wao, na watu wengine waliokuwa wakikaa humo wakawa watwarwa, wakitoa sehemu ya mazao na kufanya kazi za bwana. Sheria ya mwaka 1965, na nyingine ya mwaka 1968, zilikomesha utaratibu huo na kumpa mlimaji haki ya shamba lake. Sasa tazama katika majalada ya kale: mara nyingi utakuta jina la mwenye nyarubanja limeandikwa vizuri, na watwarwa wamehesabiwa tu kama migomba. Majina yao hayamo. Majina hayo yalikuwa vinywani mwa watoto na wajukuu wao. Basi karatasi peke yake haitoshi. Karatasi humjua aliyekuwa na karani.

Ndiyo maana nafurahi kwamba mwaka 1969 G. R. Mutahaba alitoa kijitabu cha maisha ya Ali Migeyo, mtu wa Kamachumu huku kwetu Muleba, aliyekuwa miongoni mwa waliopinga ukoloni. Mtu akitaka kujua Migeyo alikuwa nani, na akapewa majalada ya polisi na ya wakoloni tu, atamwona kama mfanya fujo. Katika kijitabu kile msomaji humjua kama mtu mwenye ukoo, mwenye kazi, na mwenye sababu ya kutenda aliyoyatenda.

Labda mtu atauliza, "Je, maneno ya wazee yaaminika? Si hadithi tu?" Nitamjibu kwa habari ya Katuruka, karibu na Maruku. Wazee wa huko walisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyeishi yapata miaka 300 na zaidi iliyopita. Walisema kwamba aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Na wakaonyesha mti uitwao Kaiija, yaani mahali pa uhunzi, kuwa ndipo kazi hiyo ilipofanyika. Kati ya mwaka 1969 na 1970 Mmarekani Peter Schmidt aliwasikiliza, kisha akachimba mahali walipomwonyesha. Wengine wangalicheka. Lakini katika udongo palionekana mabaki ya kazi ya chuma ya zamani sana, na mkaa uliopimwa ulionyesha hata miaka yapata 500 kabla ya Kristo. Wataalamu wamebishana juu ya umri kamili. Lakini kwamba chuma kilifuliwa pale tangu kale, hilo halina shaka. Mnara wa kufika mbinguni ni hadithi. Mahali pa chuma ni kweli. Midomo ilikuwa imeshika mahali pale kizazi baada ya kizazi, hata baada ya tanuri zenyewe kufukiwa.

Tena, katika miaka ya 1970, wazee wachache waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao walikubali kujenga tanuri upya na kuonyesha jinsi walivyofanya, tangu udongo na mifuo hata mkaa na nyasi. Mwaka 1978 habari hizo zikatolewa katika jarida la sayansi lisomwalo dunia nzima. Wazee wale walikuwa hawajafanya kazi ile kwa miaka mingi, maana jembe la dukani lilikuwa limekwisha kuwanyang'anya wateja. Kama wangaliulizwa miaka 15 baadaye, nani angalijibu?

Swali hilo si la bure. Mwaka ule ule wa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakachoma na kupora, na watu wakakimbia na watoto mgongoni. Nani angekumbuka sanduku la makaratasi? Kisha, tangu mwaka 1983, ugonjwa wa ukimwi ukaonekana katika mkoa wetu kabla ya mahali pengine pengi katika Tanzania. Watu wazima waliondoka katikati ya umri wao, yaani wale ambao wangalipokea habari kwa wazee na kuwapa vijana. Nyumba nyingine zilibaki na bibi na wajukuu tu. Na pengine bibi mwenyewe alikuwa na huzuni nyingi, hata hakuwa na nguvu ya kusimulia. Tena, tarehe 10 Septemba 2016 nchi ilitetemeka. Kuta zikaanguka, na vilivyokuwa ndani vikalala mvuani.

Basi sikieni jinsi mambo yalivyokuwa Katuruka. Mwaka 2008 wazee wa kijiji kile, walipoona kwamba wajuzi wamekwisha, walianza wenyewe kazi ya kukusanya habari zao, wakamwita yule Schmidt awasaidie. Wale wanaume waliomweleza hapo kwanza walikuwa wamekufa karibu wote. Na katika kutafuta, wakagundua kwamba waliobaki na habari nyingi ni wanawake wazee, ambao zamani hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Niliposoma habari hiyo nilistuka, maana na kwetu Kishanda ilikuwa vivyo hivyo. Baada ya kushindwa katika ile kesi ya mpaka, nilikwenda kumsalimu bibi mmoja jirani yetu, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Katika mazungumzo akasema kwamba siku ile miramura ilipopandwa yeye alikuwa mwali aliyeolewa karibuni, naye ndiye aliyewapelekea wazee maji ya kunywa. Akanitajia mashahidi wanne, mmoja mmoja. Nikamwambia, "Bibi, mbona hukusema barazani?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, nani aliniuliza?"

Sikuwa na neno la kumjibu. Daftari la babu tulilichoma sisi wenyewe. Na shahidi aliye hai alikuwa akiketi hatua 100 kutoka kwetu, tusimwone, kwa sababu alikuwa mwanamke. Kesi ilikuwa imekwisha, wala hatukutaka kuifufua, maana tumekwisha kupatana na jirani. Lakini jioni ile niliandika maneno yake yote, na majina yale manne, nikatia tarehe. Mwaka uliofuata tulimzika.

Sasa labda mtauliza, "Makaratasi hayo ya nchi yetu yako wapi?" Yako mbali mbali. Serikali inayo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, inayofuata sheria ya mwaka 2002. Tawi lake la Mwanza limehifadhi majalada ya Kanda ya Ziwa, ya Bukoba yakiwamo. Vitabu vya habari za kila siku vya wale mapadre vimehifadhiwa katika nyumba kuu yao huko Roma. Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa askofu wa Kilutheri wa Bukoba kabla ya Josiah Kibira kushika kazi hiyo mwaka 1964, aliandika kitabu kikubwa juu ya kanisa na watu wa Bukoba, na makaratasi yake yako Uppsala, Uswidi. Hivyo mtoto wa Kishanda atakaye kusoma jina la babu wa babu yake pengine itampasa kupanda meli au ndege.

Silaumu waliozichukua. Zingalibaki kwetu, labda zingalifungia njugumawe kama zile za babu. Mwenye kulala hawezi kumlaumu aliyekesha. Lakini yafaa tutambue tofauti moja. Karatasi za serikali zina sheria ya kuzilinda na watu wanaolipwa mshahara kuzitunza. Karatasi za babu yako hazina mlinzi ila wewe. Hakuna afisa atakayekuja Kishanda kuuliza habari za sanduku lililo chini ya kitanda.

Kwa hiyo nawashauri mambo machache, ambayo hata mwenye elimu ndogo aweza kuyafanya.

Kwanza, mzee akifa, makaratasi yasitolewe nje kabla mtu ajuaye kusoma hajayapitia yote, moja moja. Stakabadhi ya kahawa yaonekana takataka, lakini ina jina, mwaka na mahali. Siku moja itakuwa ushahidi.

Pili, yawekeni mahali pakavu, juu ya ardhi, mbali na mchwa, panya na moshi. Msiyagandishe kwa gundi wala kuyakunja mara nyingi. Picha ziandikwe nyuma kwa penseli majina ya waliomo. Maana picha isiyo na majina, baada ya miaka 40, ni picha ya wageni.

Tatu, waulizeni wazee wangali hai, wanaume na wanawake. Andikeni jina la msemaji, kijiji chake, ukoo wake na tarehe. Andikeni kama alivyosema, hata akikosea, msimsahihishe. Kama ni Kihaya, andikeni Kihaya. Kisha mwulizeni mwingine habari ile ile, na wakitofautiana, andikeni yote mawili. Siku hizi hata simu ya mkononi hunasa sauti, na hilo ni jema. Lakini simu huibwa na huharibika, basi maneno yaandikwe pia katika daftari.

Nne, mambo ya siri na ya aibu ya watu yasienezwe. Mwulizeni mzee, "Hili niliandike, au nilinyamazie?" Akikataa, mheshimuni.

Tano, fanyeni nakala. Moja ikae nyumbani, nyingine ofisini mwa parokia au mwa usharika, au shuleni, mahali penye kabati na kufuli. Kitu kilicho mahali pamoja tu ni kama yai katika mkono wa mtoto.

Mimi shuleni kwangu nimeanza na wanafunzi wa darasa la sita. Kila mmoja alipewa kazi ya kumwuliza mzee mmoja wa nyumbani swali moja tu: mwembe au mgomba ulio karibu na mlango ulipandwa na nani? Walileta majibu 38. Mtoto mmoja alileta karatasi tupu, akasema, "Mwalimu, kwetu hakuna mzee." Nikamwambia aandike hivyo hivyo, na tarehe. Karatasi ile nayo imo kabatini pamoja na zile nyingine, maana nayo ni habari ya nchi yetu.

Basi, ndugu zangu, mkirudi nyumbani jioni hii, tazameni chini ya kitanda cha wazee. Na kama kuna bibi ajaye jua likichwa kuota moto jikoni, mwulizeni.